Mguu Kwanza, Kiatu Baadaye: Kumchagulia Mtoto Mchezo Unaomfaa

Hotuba kwa wazazi wa watoto wa chekechea na madarasa ya chini, Kisumu. Tumeiandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazazi na walezi, nyanya na babu mlioandamana na wajukuu, walimu, nanyi watoto mlioketi pale mbele kwenye mkeka: hamjambo? Oyawore uru. Mulembe. Asanteni kwa kuja Jumamosi asubuhi, siku ambayo kila mmoja ana nguo za kufua na mgeni wa kupokea.

Swali ambalo wazazi huuliza kuliko yote ni hili: "Mwalimu, mtoto wangu acheze mchezo gani?" Ni swali jema, ila mara nyingi linaanzia mkiani. Hebu fikirieni soko la Kibuye siku ya Jumapili. Mama ameona raba safi kwenye lundo la mitumba. Anapatana bei, analipa, anafika nyumbani, mguu wa mtoto hauingii. Je, atamkunja vidole ili viingie? Hakuna mzazi hapa anayenunua kiatu namna hiyo. Unakwenda na mtoto mwenyewe, au unakwenda na uzi uliopimia unyayo wake. Lakini mchezo? Mchezo tunaununua bila mguu. Baba ni shabiki wa Gor Mahia, basi kijana apelekwe kwenye mpira. Binti wa jirani anaogelea, basi na wetu aogelee. Mguu kwanza, kiatu baadaye. Mtoto kwanza, mchezo baadaye. Hilo ndilo lililonileta, na mengine yote nitakayoyasema leo yanatoka hapo.

Tuanze na umri, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi yalipo.

Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano hahitaji mchezo. Narudia: hahitaji mchezo. Anahitaji kukimbia, kuruka, kupanda, kurusha, kudaka, kubingirika na kuning'inia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 3 na 4 awe katika harakati za mwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kumfanya aheme. Kuanzia miaka 5 hadi 17, ni wastani wa dakika 60 za kuhema kila siku. Dakika 180 ni saa tatu. Ni akademia gani itakupa saa tatu kila siku ya Mungu? Hakuna. Uani ndio unaoweza: tapo, brikicho, kuruka kamba, kupanda mpera. Mchezo wa kati peke yake, wawili wakirusha mpira na mmoja akiukwepa katikati, unamfundisha mtoto kulenga, kuchuchumaa, kugeuka ghafla na kukisia mpira unakokwenda. Wapo wanaolipia mafunzo hayo.

Utajuaje kwamba mwili wake umekomaa kwa mchezo wenye kanuni? Jaribuni hivi nyumbani. Mtoto wa miaka mitano au sita asimame kwa mguu mmoja, mikono kiunoni, nanyi mhesabu polepole hadi kumi. Kisha mguu wa pili. Halafu arukeruke kwa mguu mmoja mara tano bila kuushusha mwingine. Halafu aruke chini kutoka kwenye kidato kimoja cha mlangoni, na mtazame anavyotua: je, magoti yamekunjika yakielekea mbele, au yamegongana kwa ndani? Mwisho simameni hatua tatu kutoka kwake, mmrushie mpira mwepesi unaodunda mara moja. Akiudaka kwa viganja, vyema. Akiukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, uso ameugeuzia pembeni na macho ameyafumba, basi mpira wa kasi bado haujawa wake. Si mjinga wala mwoga. Macho na mikono bado havijazoeana, na katika umri huo ni jambo la kawaida kabisa.

Hapo ndipo mzazi mwenye nia njema huharibu. Huchukua mpira mgumu akaurusha tena, kwa nguvu zaidi, ili mtoto "azoee". Mpira unampiga puani. Kuanzia siku hiyo kila kinachokuja hewani kinamfanya afumbe macho. Akifumba macho hawezi kudaka, na asipodaka wenzake wanamcheka. Mzazi mpendwa, anza na puto. Puto hushuka polepole, macho yanapata muda wa kulifuata. Likishakuwa rahisi, tumia leso iliyofungwa fundo. Kisha ule mpira wa matambara na kamba, ajuala, ambao haudundi ovyo wala hauumizi. Mpira wa tenisi uje mwisho. Dakika kumi jioni, mara nne kwa wiki, bila kumfokea. Mtoto akikosa mara tatu mfululizo, sogea karibu hatua moja.

Sasa amefika miaka sita, saba, minane. Hapo anaweza kujiunga na kikundi, lakini kikundi cha kitoto. Mmewaona watoto wa darasa la kwanza wakicheza mpira? Wote ishirini wameuzunguka mpira mmoja kama nyuki, na baba yuko kando ya uwanja anapaza sauti: "Baki winga! Linda nafasi yako!" Mtoto wa miaka sita hana nafasi. Hawezi bado kuushika akilini mpira, mwenzake, mpinzani na uwazi ulio nyuma yake kwa wakati mmoja. Uwezo huo huja taratibu, kwa wengi kuanzia miaka minane au tisa. Dawa si kelele. Dawa ni kuwagawa wanne kwa wanne, uwanja mdogo, magoli mawili ya viatu, bila kipa. Ghafla kila mtoto anaugusa mpira.

Na mpira wenyewe? Tafuteni namba iliyochapwa karibu na tundu la kujazia upepo. Namba 3 ni ya watoto hadi kama miaka minane, namba 4 ni ya miaka tisa hadi kumi na miwili, namba 5 ni ya kuanzia miaka kumi na mitatu. Huo wa namba 5 una uzani wa gramu 410 hadi 450, na ukilowa kwenye matope ya mvua za Aprili unaongezeka. Mtoto wa miaka saba akipewa huo, ataupiga kwa ncha ya kidole kwa sababu mguu wake hauna nguvu ya kuusukuma kwa upande wa ndani, na tabia hiyo itachukua miaka kutoka. Kupiga kichwa kuacheni kabisa kwa wadogo. Marekani wamekataza kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini tangu mwaka 2015, na mtoto hapotezi chochote kwa kungoja.

Mpira wa kikapu vivyo hivyo. Pete ya watu wazima iko mita 3.05 juu, ya watoto inapaswa kuwa mita 2.60, na mpira uwe namba 5. Mkimwacha mtoto wa miaka minane arushe kwenye pete ya wakubwa, atautupa mpira kutoka kiunoni kwa mikono miwili, mgongo umepinda nyuma. Atafunga mara moja moja, mtamshangilia, na mtakuwa mmeshangilia kosa. Voliboli: shusheni wavu mpaka mita mbili hivi, ruhusuni kudaka mara moja kabla ya kupitisha. Raga: kwa wadogo ni ile ya kuchomoa mikia ya kitambaa kiunoni, bila kuangushana. Kuangushana hufundishwa baadaye, kwenye nyasi, wakianza wote wakiwa wamepiga magoti, kichwa kikiwa nyuma ya makalio ya anayeangushwa wala si mbele yake. Kocha asiyeanza na kichwa kinawekwa wapi, mwondoeni mtoto.

Najua methali mnayoiwaza. Samaki mkunje angali mbichi. Na sisi wa Kisumu samaki tunamjua. Lakini kinachokunjwa ni tabia: kulala mapema, kusikiliza, kumaliza alichoanza, kumpa mwenzake mkono akishindwa. Methali haikusema umtie samaki kwenye kopo moja la omena tangu akiwa mdogo wa kidole, yaani umfungie mtoto kwenye mchezo mmoja tangu utotoni.

Tazameni majirani zetu wa Nandi, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Eliud Kipchoge alizaliwa mwaka 1984. Utotoni alikimbia kwenda shule na kurudi kwa sababu shule ilikuwa mbali, wala hakukuwa na kocha mwenye saa aliyemngoja njiani. Alianza mazoezi ya dhati alipokutana na Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji. Hapo Kipchoge alikuwa na miaka 16. Mwaka 2003, kule Paris, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Na Ferdinand Omanyala, kijana wa Bungoma? Alicheza raga kwanza, akageukia mbio fupi akikaribia miaka 20. Septemba 2021, pale Kasarani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Je, raga ilimpotezea wakati? Kuchomoka kutoka umesimama, kusukuma ardhi kwa nguvu, kubadili mwendo ghafla: hayo alikuwa akiyafanya kabla hajavaa viatu vya misumari.

Kwa hiyo, mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili acheze michezo miwili au mitatu tofauti katika mwaka. Muhula huu mpira, muhula ujao kuogelea, likizo ya Agosti baiskeli na kupanda miti. Kipimo kinachotumiwa na madaktari wa michezo ni chepesi kukumbuka: saa za mazoezi ya kupangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Ana miaka minane? Zisizidi saa nane, na kwa maoni yangu nusu ya hizo zinamtosha. Siku moja au mbili za wiki asiende popote.

Kwa nini? Kwa sababu mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na viungo, ndiko inakokulia, na misuli huvuta hapo hapo kila siku. Mtoto wa miaka minane hadi kumi na mitatu anayecheza mpira siku sita kwa wiki huanza kuchechemea asubuhi. Ukimbana kisigino kwa pande zote mbili, kushoto na kulia, anaruka kwa maumivu. Hajaumizwa na mtu. Kisigino kinavutwa na ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu. Akipumzishwa wiki kadhaa na kurudishwa taratibu hupona. Akiambiwa "kaza roho, wewe ni mwanamume", huchechemea muhula mzima. Maumivu yanayomfanya mtoto achechemee, au yanayomwamsha usiku, yapelekwe hospitali, yasipelekwe uwanjani.

Hayo ni ya umri. Tabia ya mtoto nayo? Hapa nitawaomba kitu kimoja tu. Chukueni daftari, kwa wiki mbili andikeni anachofanya mtoto akiwa hajaambiwa la kufanya. Anapanda? Anarusha mawe kwenye bati? Anakimbizana hadi giza liingie? Anakaa peke yake akirudia jambo moja mara hamsini mpaka liwe? Yule wa kurudia peke yake huenda akapenda kuogelea, sarakasi, taekwondo au tenisi. Yule asiyeweza kula bila wenzake mezani mpelekeni kwenye timu. Mwenye kuogopa kelele msimtupe kwenye kikundi cha watoto arobaini siku ya kwanza.

Na msichague kwa mazoea ya kabila au ukoo. Julius Yego alizaliwa Nandi, mahali ambapo kila mtu humtarajia mtoto akimbie. Yeye alipenda kurusha. Alijifunza mkuki kwa kutazama video za warushaji wakubwa kwenye intaneti, na mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mrusho wa mita 92.72.

Tahadhari nyingine. Kocha akikwambia mtoto wako wa miaka saba "ana kipaji" au "hana", uliza alizaliwa mwezi gani na wenzake walizaliwa mwezi gani. Wa Januari na wa Desemba wako kikundi kimoja, lakini mmoja amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima. Kwa mtoto wa miaka sita hiyo ni karibu moja ya sita ya maisha yake! Ni mrefu zaidi, ana mbio zaidi, anachaguliwa, anafundishwa zaidi. Yule wa Desemba anakalishwa kwenye benchi. Tumepoteza wangapi hivyo?

Afya nayo ni sehemu ya mguu tunaoupima. Ukanda wetu huu wa ziwa una watoto wengi wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kama hujui hali ya mtoto wako, kipimo ni cha damu na hufanywa mara moja. Mwenye selimundu anaweza kucheza, msimfungie ndani. Lakini anywe maji mara kwa mara kabla hajasikia kiu, apumzike anapotaka yeye bila kuulizwa kwa nini, na asitumbukizwe kwenye maji ya baridi, kwa sababu baridi, kiu na uchovu ndivyo vinavyoweza kuamsha yale maumivu makali. Kocha aambiwe kwa barua ya daktari, siyo kwa kunong'onezwa. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta ndani ya begi la kocha, isiachwe nyumbani. Vumbi la Januari na Februari humsumbua, na hewa yenye unyevu ya bwawa la kuogelea mara nyingi humfaa. Na mtoto anayekosa kila mpira, apimwe macho kwanza. Wapo walioitwa wavivu miaka mitatu na shida ilikuwa miwani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa mlibebe hata mkisahau mengine yote. Tunaishi kando ya Ziwa Victoria. Kuna mito, kuna mitaro ya Nyalenda inayojaa kwa dakika ishirini za mvua, kuna visima na mashimo ya kuchimbia matofali. Mtoto wa Kisumu anaweza kuishi bila tenisi. Anaweza kuishi bila raga. Kuogelea si mchezo wa kuchagua kwetu. Kuogelea ni kama kuvuka barabara.

Watoto wengi huwa tayari kwa mafunzo ya kuogelea wakiwa na miaka minne hivi. Mwalimu mzuri haanzi na mitindo. Anaanza na uso: mtoto achote maji ajimwagie, apulize mapovu, afungue macho chini ya maji ahesabu vidole vya mwalimu. Kisha kuelea chali: masikio ndani ya maji, kidevu juu, tumbo juu. Ni hapo wengi hukwama. Mtoto huogopa maji yanapoingia masikioni, anainua kichwa kutazama vidole vya miguu, na kichwa kikiinuka kiuno kinazama. Mwalimu aweke kiganja kimoja chini ya kisogo, asikiondoe mpaka shingo ilegee. Kisha kujisukuma kutoka ukutani, kisha kupiga miguu, kisha jambo lenye thamani kuliko yote: kuanguka majini, kugeuka, kurudi na kushika ukingo. Kabla mtoto hajaweza hilo, msiniambie anajua kuogelea, hata kama anapiga maji vizuri kwa mita tano.

Mafunzo ya nusu saa yanatosha, mara mbili kwa wiki. Mdogo akizidisha hutetemeka na hajifunzi tena. Kwa wanaoanza, mwalimu mmoja asiwe na zaidi ya watoto wanne hadi sita. Maji yamfike kifuani. Kabla ya kulipa, simameni ukingoni mtazame sehemu ya kina kirefu: mnaiona sakafu? Kama hamwioni, mwokoaji naye hataona mtoto aliyezama. Harufu kali ya klorini si dalili ya usafi, ni dalili kwamba dawa imeshachanganyika na jasho na mkojo. Na yale maboya ya kuvaa mikononi yanampa mtoto ujasiri ambao mwili wake hauna. Siku yatakapokuwa hayapo, ataruka vilevile.

Ziwani je? Kuoga pwani ya ziwa kuna kichocho: vijidudu hutoka kwa konokono wa majani ya ukingoni na kupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kuna kiboko, kuna gugu maji linalofunika kina. Ziwa si darasa. Mkipanda mashua, hata ya kutembea tu pale Dunga, mtoto avae koti la kuokolea la kipimo chake, lililofungwa. Na mjue hili: mtoto anayezama hapigi kelele. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma maji chini kama anayepanda ngazi, macho yametoka. Yuko kimya. Inaweza kuisha ndani ya dakika moja. Kwa hiyo wa chini ya miaka mitano awe umbali ambao mkono wako unamfikia, na simu ikae mfukoni.

Umeshaujua mguu. Sasa kiatu, yaani kocha na uwanja. Msinunue kwa jezi. Nendeni siku ya mazoezi bila kutangaza, chagueni mtoto mmoja asiye hodari, mtazameni yeye peke yake kwa dakika kumi. Hesabuni ameugusa mpira mara ngapi, na amesimama kwenye foleni dakika ngapi. Mkipata miguso sita na dakika saba za foleni, mtakuwa mnalipia foleni. Wadogo wa miaka mitano hadi minane wasizidi kumi au kumi na wawili kwa kocha mmoja. Kukimbia kuzunguka uwanja kusiwe adhabu, maana mtoto atajifunza kuchukia kukimbia. Kiboko kisiwepo kabisa. Sheria ya Kenya imekataza adhabu ya viboko shuleni, na uwanja wa mazoezi hauna ruhusa ambayo darasa halina.

Tikisa goli kwa mkono. Goli la chuma lisilochimbiwa wala kuwekewa mifuko ya mchanga huanguka watoto wanapoliningʼinia, na limewaua watoto katika nchi nyingi. Tafuta vioo vilivyovunjika. Uliza maji ya kunywa yako wapi. Kisumu kuna joto: mazoezi yawe kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na kila dakika ishirini wasimame kunywa. Wa miaka tisa hadi kumi na miwili anywe kati ya mililita 100 na 250 kila mara. Wadogo, mafunda machache. Maji, si soda. Aliyegongwa kichwa akatapika, akachanganyikiwa au akazimia, atoke na asirudi siku hiyo hata kama ni fainali, apelekwe kwa daktari.

Na hili tulisikilize sote. Kocha asikae na mtoto faraghani. Asimpe lifti peke yake. Asimtumie ujumbe wa siri kwenye simu. Wawe watu wazima wawili daima, na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo uwe na mama au dada anayefahamika. Kocha mwema hachukii kuulizwa haya. Anayechukia amekwisha kujijibu.

Gharama sitakaa nazo sana. Faith Kipyegon alishinda ubingwa wa dunia wa vijana wa mbio za nyika mwaka 2011, kule Punta Umbría, Hispania, bila viatu. Kwenye nyasi safi mguu mtupu unatosha. Mkinunua njumu za mitumba, mtoto azivae akiwa amesimama, jioni, akiwa na soksi atakazochezea. Baina ya kidole kirefu na ncha ya kiatu paingie upana wa kidole gumba chenu, usizidi. Kikunjeni: kikunjike penye vidole, kikikunjika katikati ya unyayo kirudisheni. Meno yakiwa yameisha upande mmoja, acheni, yatampindisha kifundo. Na kwenye udongo mgumu wa murram njumu zenye meno marefu zinateleza. Raba ni bora.

Neno kwa wazazi wa mabinti. Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya voliboli ya wanawake, hawakuangushwa na mvua, walikuwa wasichana wadogo kwenye viwanja vya shule kama hivi. Binti wa miaka tisa anapoacha mazoezi, mara nyingi si kwamba hapendi mchezo. Kaptula imembana, choo cha uwanjani hakina mlango, au jioni ametumwa maji huku kaka yake yuko uwanjani. Hayo matatu yako mikononi mwetu.

Mtoto akisema anataka kuacha je? Kubalianeni tangu mwanzo: wiki nane hadi kumi, kisha tunaamua pamoja. Ndani ya muda huo muulizeni kwa upole, siku ambayo hakuna mazoezi. "Sipendi" ikitoka mdomoni siku aliyoshindwa haina uzito. Ikirudi Jumatano tatu mfululizo, pamoja na kuumwa tumbo kila kabla ya kuondoka nyumbani, kuna jambo uwanjani, nendeni mkalitafute. Na mkiwa njiani kurudi, msimfanyie mtihani. "Mmefunga mangapi? Mbona ulipoteza ule mpira?" Aache aangalie dirishani. Mpe ndizi. Ataanza kusimulia mwenyewe mkifika Kondele.

Nimemaliza ya kusema. Walimu wameshatandaza kamba, maputo na mipira pale kwenye nyasi nyuma ya darasa la pili. Kila mzazi amchukue mtoto wake, aanze na ule mguu mmoja, hadi kumi. Walio na maswali tutazungumza hukohuko tukiwatazama. Twendeni sasa, kabla jua halijawa kali.